Kozi ya udereva baada ya leseni: inategemea unaenda kutafuta nini

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo nimjibu yule msomaji aliyeandika kwamba kozi za udereva za baada ya leseni ni ujanja wa kukamua watu hela, eti ukishafaulu umefaulu. Nusu ya maneno yake ni kweli, na hiyo nusu nitaifikia.

Mi nilifaulu mtihani mara ya kwanza tu na nikajiona dereva kwelikweli. Miezi miwili baadaye nikaenda kozi ya siku moja, tena kwa kusukumwa na mke wangu ambaye kila tukitoka anashikilia mlango mpaka tufike. Mwalimu akanipeleka kwenye uwanja mtupu, akasema nenda 50, nikikwambia sasa kanyaga breki kwa nguvu zako zote. Nikakanyaga. Akaniangalia, "Hapo umefunga breki au umeisalimia?" Nikarudia, safari hii nikaikandamiza kweli, pedali ikaanza kutetemeka inagonga mguuni kama kuna kitu kinakatika huko chini, nikashtuka nikaachia. Kumbe ile ndo ABS iko kazini, inazuia tairi zisijifunge ili usukani uendelee kukusikiliza, na mimi kwa woga wangu nimeondoa mguu! Mara ya tatu nikabana mpaka mwisho huku nakata kona kukwepa koni, gari likatii, likasimama. Yaani miezi yote ile nilikuwa sijui breki za gari langu mwenyewe zikoje zikifanya kazi, na kwenye mtihani hakuna aliyeniuliza.

Halafu tukafunga breki kwa 30, akaweka koni pale tuliposimama. Tukarudia kwa 60. Ile koni tuliipita bado tunakimbia, na tukaendelea kwenda, nikawa najiuliza hivi hili gari linasimama lini. Spidi ikizidi mara mbili umbali wa breki unakuwa mara nne, nilishawahi kulisikia darasani nikalijaza kwenye karatasi nikapata maksi, lakini kulisoma ni kingine na kuiona koni inapita dirishani ni kingine. Na hapo bado ile sekunde moja ya kushtuka kabla mguu haujafika kwenye breki, ambayo kwa 50 tu umeshakula karibu mita 14.

Sasa ile nusu ya kweli. Mdogo wangu naye alienda kozi, ila yake ilikuwa ya mbwembwe, kuserereka na kulirudisha gari njiani, kuzungusha usukani kama wale wa mashindano. Alirudi amevimba kichwa. Siku za mvua ambazo zamani alikuwa anaenda taratibu sasa ndo anakanyaga mafuta, ukimwambia anasema likiteleza nalijua dawa yake. Kwa hiyo kozi imemuongezea spidi tu basi, na sidhani kama hiyo dawa ataikumbuka siku lori limesimama mbele yake.

Na si yeye peke yake. Uswidi kuna mtafiti anaitwa Gregersen, mwaka 1996 alitoa matokeo ya majaribio ya vijana waliokuwa wanajifunza gari, kundi moja likafundishwa ufundi wa kufunga breki na kukwepa kwenye barabara ya utelezi, kundi lingine likafanyishwa hayohayo ila ili lione jinsi mambo yanavyoweza kukushinda. Walipopimwa baadaye uwezo wao ulikuwa sawa tu, tofauti ni kwamba lile kundi la ufundi lilijiona linajua zaidi. Mdogo wangu mtupu!

Kwa hiyo kama kozi inauza ujuzi wa kujinasua, msomaji wenu yuko sawa, baki na hela yako. Inayofaa ni ile inayokupa masaa barabarani kwenye hali ambazo mtihani haukuzigusa, na mtu anayejua amekaa pembeni. Uingereza tangu 1995 wana kitu kinaitwa Pass Plus, masaa yasiyopungua 6, unapitishwa mjini, vijijini, usiku, kwenye hali mbaya ya hewa na kwenye barabara kuu za mwendo kasi, na mwisho wake hakuna mtihani. Austria wao toka 2003 wamelazimisha kabisa, ukipata leseni bado unarudi kwa mwalimu anakuangalia unavyoendesha, na kuna siku ya uwanjani na kikao cha kuzungumza na mwanasaikolojia. Hicho kikao watu watakicheka ila naona ndo chenye maana, maana dereva mpya haangushwi na mikono, anaangushwa na marafiki wanne nyuma wanaopiga kelele saa sita usiku.

Usiku hasa. Mi nilifundishwa mchana, nikatahiniwa mchana, halafu wiki ileile nikaingia barabarani gizani nikakutana na mtu kaniwashia full, nikawa namwangalia yeye kama mdudu anavyoangalia taa. Kuangalia ukingo wa barabara upande wako mpaka apite, na kupunguza mwendo uweze kusimama ndani ya mwanga wako mwenyewe, hayo niliambiwa na mwalimu wa kozi, dakika tano tu.

Nimeshamlipa yule mwalimu anifundishe tena, safari hii kwenye mvua. Siku haijapangwa, tumekubaliana ikinyesha ya kutosha ananipigia simu.

Msomaji wenu