Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti wa chama chetu cha wawindaji 2025: zile ekari 20 za kaunti ya Lake, Michigan, tununue au tuache

Wazee shikamooni, akina mama na vijana habari zenu. Naituma taarifa hii kabla ya mkutano ili kila mtu aje ameshaisoma, mwaka jana muda mwingi uliisha tukisoma makaratasi na yale ya maana yakaja kuongelewa watu wameshavaa makoti.

Ya kawaida nayapitisha haraka. Tulianza mwaka tuko 36 tumemaliza tuko 41. Wapya wote wana cheti cha usalama wa bunduki isipokuwa mmoja, yeye amewinda na laisensi ya mwanafunzi akiwa na mkubwa wake pembeni, na sheria inampa misimu miwili tu ya hivo, kwa hiyo ndugu yetu mwaka ujao akae darasani. Mfuko una dola 29,600, mweka hazina ataleta mahesabu. Kulungu tumepata 17 (wengine mnawaita dia, Biblia yetu inawaita ayala, tunaelewana), wawili walichelewa kuripotiwa mtandaoni ndani ya yale masaa 72 na wahusika nimeshaongea nao. Nyama imegawanywa kama kawaida yetu, wajane na wagonjwa kwanza. Wenzetu Waislamu saivi wana friza yao peke yake, ilinunuliwa mwezi wa nane. Hakuna aliyeumia, na hilo ndo namshukuru Mungu kuliko yote niliyoandika hapa juu.

Sasa ardhi.

Mnakumbuka mwezi wa tatu mzee wetu wa Fizi, Kongo, alisimama akaomba chama kitafute kipande chetu cha kuwindia. Alisema zaidi ya miaka 20 ameishi kwenye ardhi ya watu, kwanza kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu halafu hapa Grand Rapids kwenye nyumba za kupanga, na kabla hajafa anatamani akae chini ya mti ambao hakuna mtu atakuja kumuuliza nani amekupa ruhusa. Ukumbi wote ulinyamaza. Mimi nimekulia Kigoma, ile kambi naijua, na maneno yale yalinikaa wiki nzima. Siku hiyohiyo tukaunda kamati ya watu watano.

Kamati imezunguka kaunti za Newaygo, Lake na Osceola, tumeona vipande saba, kimoja ndo kikatushika wote: ekari 20 kaunti ya Lake, si mbali na Baldwin, bei dola 88,000. Kutoka hapa ni kama saa moja na robo kwa gari. Siku ya kwanza tulipokwenda kukiona tulipita Idlewild, na hapa naomba mnivumilie kidogo maana vijana wengi hampajui. Idlewild ilianza mwaka 1912 kama mji wa mapumziko wa watu weusi, enzi ambazo mtu mweusi Marekani hapokelewi hoteli za mapumziko wala hauziwi kiwanja karibu na ziwa. Pale walikuwa wanauza viwanja vidogo vya futi 25 kwa 100, dola 35, unatanguliza dola 6 halafu unalipa dola moja kila mwezi, watu wakaja kutoka Chicago na Detroit na kwingine kwingi. Daktari Daniel Hale Williams, yule aliyefanya upasuaji wa moyo Chicago mwaka 1893, alikuwa na ardhi pale, W.E.B. Du Bois, yule mwandishi na mpigania haki za weusi, pia. Baada ya sheria ya haki za kiraia ya 1964 watu wakawa wanaweza kwenda popote na mji ukapoa, saivi ukipita ni kimya. Nilishuka kwenye gari nikasimama pale kando ya maji kama nusu saa. Futi 25 kwa 100 hulimi kitu cha maana wala huwindi, lakini watu walibana dola yao kila mwezi ili tu waseme hapa ni kwangu. Kwa hiyo asitokee mtu akasema mwenyekiti haelewi kwa nini tunataka ardhi. Naelewa sana.

Na kile kipande kizuri jamani, siwezi kuficha. Mbele kuna mialoni mikubwa, katikati kinamasi kidogo chenye vichaka vya kulungu kulala mchana, nyuma kuna uwazi wa majani. Njia za kulungu zimechimbika kama njia za ng'ombe. Katibu alifunga kamera kwenye mti wiki tatu, tukaona majike wengi na dume mmoja wa pembe nane, yaani pembe zake zina ncha nane. Siku ile kama mngenipa kalamu ningesaini.

Halafu tukaanza kupima.

Ekari 20 pale ni futi 660 kwa 1,320, yaani upana kama mita 200 na urefu kama mita 400. Upande wa mashariki kuna nyumba ya jirani, inakaliwa mwaka mzima, iko kama futi 50 tu kutoka mpakani. Sheria ya Michigan inasema huwindi na bunduki ndani ya futi 450 za nyumba inayokaliwa mpaka mwenye nyumba akuruhusu. Chukueni karatasi mchore huo mduara wenyewe, unaingia ndani ya ardhi yetu futi 400 kati ya 660, unakula zaidi ya ekari 6. Na si ekari 6 za pembeni, ni palepale kwenye mialoni. Tulienda kumsalimia jirani, mama mtu mzima, mpole, akatukaribisha kahawa, lakini ruhusa ya bunduki akasema hapana, na ni haki yake.

Zinabaki ekari kama 14, na kinamasi kimo humohumo. Sasa niambieni wapigaji wangapi wanakaa hapo kwa usalama kwa wakati mmoja? Kamati nzima, pamoja na wale wawili waliokuwa wanataka sana tununue, imesema watatu. Madungu matatu, kila moja lina upande wake wa kupigia. Sisi tuko 41 na msimu wa bunduki ni tarehe 15 hadi 30 Novemba, mwaka huu tarehe 15 iliangukia Jumamosi, nilipokea simu 26 za watu waliochukua ruhusa kazini. Watatu wakipanda dungu asubuhi ile, 38 wafanye nini? Kuchora ratiba tunaweza, ila ratiba ya hivo inaleta ugomvi ndani ya chama ambacho miaka yote hii hakijagombana.

Na kulungu hanunuliwi na ekari. Kisheria mnyama ni mali ya wananchi wote wa jimbo, sisi tunanunua udongo na miti. Yule dume wa pembe nane anatembea eneo la mamia ya ekari, analala kwetu, anakula kwa jirani wa magharibi, na yule jirani ana watoto watatu wanaowinda. Kumwaga mahindi ili aje kwetu haturuhusiwi, chambo kimepigwa marufuku huku Peninsula ya Chini, yaani nusu ya kusini ya Michigan, tangu Januari 2019 kwa sababu ya ule ugonjwa wa kulungu ulioonekana Michigan 2015 kwa wanyama wa porini.

Kodi nayo, hapa naomba msome polepole. Ajenti alituonyesha risiti ya kodi ya muuzaji, ni hela ndogo kweli, wajumbe wakafurahi. Lakini muuzaji amekaa na ardhi ile miaka mingi, na tangu ile sheria ya kodi ya Michigan iitwayo Proposal A ya mwaka 1994 thamani inayotozwa kodi haipandi kwa mwaka zaidi ya mfumuko wa bei au asilimia 5, ile iliyo ndogo, mradi ardhi haijabadilisha mikono. Ikiuzwa tu, kizuizi kinaondoka na thamani inaruka mpaka nusu ya bei ya soko. Kwa bei ya 88,000 nusu ni 44,000. Juu yake kuna mili 18 za shule ambazo anayeishi kwenye nyumba yake halipi lakini ardhi ya kuwindia inalipa, mili moja ni dola moja kwa kila elfu, kwa hiyo hizo peke yake ni dola 792 kila mwaka, bado kodi ya kaunti, bado ya tauniship, ile serikali ndogo ndani ya kaunti. Risiti ile haikuwa ya uongo, ila ilikuwa ya muuzaji na sisi yetu itakuwa nyingine kabisa. Nilimuuliza ajenti kwa nini hakutuambia, akasema hatukumuuliza.

Kuna mpango wa jimbo unaoitwa Qualified Forest unaopunguza zile za shule kama una mpango wa kutunza msitu ulioandikwa na mtaalamu. Unataka ekari 20 kamili, na kwa kipande kisichofika 40 asilimia 80 iwe msitu wa mbao. Karatasi ya mauzo inasema 20 zaidi au pungufu, kipimo kinaanzia katikati ya barabara, kwa hiyo 20 kamili huenda hazifiki, na ule uwazi wa nyuma na kinamasi vinatutoa kwenye asilimia 80. Tumekosa.

Mtu mmoja kwenye kundi la WhatsApp aliuliza haki ya chini ya ardhi ni ya nani, swali zuri sana na limetoka kwa mtu wa Kongo kwa sababu kule tunajua udongo na kilicho chini yake ni cha serikali. Tanzania nako unapewa hati ya miaka 33, 66 au 99. Huku unamiliki moja kwa moja, lakini mafuta na gesi ya chini anaweza kumiliki mtu mwingine kabisa, na pale Lake haki hizo zilishatenganishwa zamani. Si lazima waje kuchimba. Ila mjue tungenunua ya juu tu.

Mkopo sitaurefusha. Tunapungukiwa dola 58,400, kwa kichwa ni kama 1,424 kabla ya riba, na wenzetu Waislamu wameshasema kwa heshima kwamba kwenye riba hawaingii. Mimi siwezi kupeleka chama mahali ambapo theluthi yetu inabaki nje ya mlango. Pia hatujakubaliana jina liandikwe la nani, anayehama Texas anarudishiwa kiasi gani, anayefariki sehemu yake inakwenda kwa mke au kwa chama. Na kodi isipolipwa, ukifika mwaka wa tatu kaunti inachukua ardhi. Chama kikiyumba miaka mitatu tu, ardhi imekwenda.

Upande wa pili mizani inasema hivi: kutoka kwenye geti la kile kipande, dakika kumi kwa gari, unaingia Huron-Manistee, msitu wa taifa wa karibu ekari milioni moja. Laisensi ya msingi dola 11 na ya kulungu dola 20, unaingia. Na huku kusini kuna mpango wa HAP, jimbo linawalipa wenye mashamba ili watu wawinde bure, ulianzishwa 1977, mwaka uleule Kenya ilipofunga uwindaji. Kati ya kulungu wetu 17, 14 wametoka kwenye ardhi za namna hizo.

Kwa hiyo pendekezo langu, na kamati wanne kwa mmoja wako na mimi: tusinunue kile kipande. Nasema hivi nikiwa na uchungu maana nilikipenda. Ila nilivyokaa nikatafakari niliona tumechanganya maswali mawili. Moja ni tuwinde wapi, na hilo lina jibu, tena la bei nafuu. La pili ni lile la mzee, la kuwa na mahali petu, na lile halihitaji dume wa pembe nane wala futi 450. Linahitaji mti, kisima, choo, banda la kupikia, sehemu ya watoto kujifunza kulenga shabaha na kulala kwenye mahema kabla ya ile wikiendi ya vijana kuwinda ya Septemba, na liwe karibu kiasi kwamba bibi anaweza kuja Jumapili akarudi. Ekari tano zinatosha, hata tatu, mpakani mwa msitu wa serikali ikiwezekana, na kwa mfuko tulio nao tukiongeza mwaka mmoja na nusu tunanunua taslimu bila riba ya mtu. Naomba kamati ipewe kazi hiyo mpya, na kabla ya kuona kipande chochote wakili atuandikie utaratibu wa jina na urithi.

Najua wapo watakaosema ekari tano si ardhi ya kuwindia. Ni kweli, si ya kuwindia.

Muuzaji anataka jibu mwisho wa Januari. Mkutano ni Jumapili tarehe 18 Januari, kura ya siri, theluthi mbili kama katiba yetu inavyosema, na mkiamua kununua mimi nitasaini na nitafanya kazi kama wazo lilikuwa langu. Anayetaka kukiona kwanza kwa macho yake, tunakwenda Jumamosi tarehe 10, tunaondoka saa moja asubuhi parking ya kanisani. Kutakuwa na theluji kwa hiyo nyayo zitaonekana vizuri, vaeni mabuti na kila mtu aje na fulana yake ya chungwa maana wawindaji wa sungura bado wako porini. Magari manne yapo. Mzee wa Fizi atakaa kiti cha mbele kwenye gari langu, nimeshaongea na mwanae, na tukirudi tutasimama Idlewild ili aione.