Baba, zile saipresi zingoje

Wapendwa Baba na Mama,

Natumai hamjambo huko Molo na viazi vimesalimika. Mimi mzima, zamu za usiku tu ndizo zinanichosha.

Nilipopata likizo nilipanda meli Penzance hadi visiwa vya Scilly, kama kilomita 45 kutoka ncha ya Cornwall, kusini-magharibi kabisa mwa Uingereza. Kwenye kisiwa cha Tresco kuna bustani ambayo Mama angeingia asubuhi, jioni wamtoe kwa nguvu. Kuna protea za Afrika Kusini, mimea ya Visiwa vya Kanari yenye mikungu ya maua mirefu kumpita Baba, na mishubiri inayokaa nje mwaka mzima. Na hiyo bado ni Uingereza! Hata agapanthasi, yale maua ya buluu ya pale langoni kwetu ambayo hakuna anayeyatazama, watu wanalipa kiingilio kuyaona. Nami nililipa.

Kilichonishangaza ni sakitu, ile baridi inayogandisha umande. Sisi tuko karibu na ikweta, lakini kwa vile tuko juu sana, usiku mmoja tu unatosha kuunguza shamba. Wao wako mbali kaskazini, ila bahari imewazunguka, nayo hupoa polepole, kwa hiyo sakitu kwao ni nadra. Ilipowafikia kweli, Januari 1987, pamoja na theluji, iliua mimea mingi mno.

Adui wao wa siku zote ni upepo wa chumvi. Augustus Smith alipoanza bustani hiyo miaka ya 1830, kando ya magofu ya nyumba ya watawa, kisiwa kilikuwa karibu kitupu. Alijenga kuta, kisha ikapandwa misonobari na saipresi za asili ya California kukinga upepo. Nilipokuwa juu kwenye uwazi nilishikilia kofia kwa mikono miwili; nilipoteremka nyuma ya miti, jani halitikisiki. Januari 1990 dhoruba iliangusha sehemu kubwa ya miti hiyo, ikabidi waanze kupanda upya.

Sasa Baba, Mama ameniambia kuna mtu wa mbao amekuja kupima saipresi zetu za upande wa juu. Bei yake si mbaya, najua. Lakini zikikatwa zote kwa mpigo, mahindi yatalala na kitalu cha Mama hakitapona. Panda miche kwanza, ishike, ndipo utoe chache chache.

Kama shida ni karo ya Kiprono, nitatuma nusu mwisho wa mwezi huu na nusu mwezi ujao. Mwambie huyo mtu angoje.

Binti yenu,
Chebet