Majimaji ya daftarini

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme machache kuhusu Maarifa ya Jamii, somo ambalo mjukuu wangu wa darasa la sita hapa Songea hulikariri kila jioni kwa sauti, mpaka bibi yake naye amelihifadhi.

Juzi alikuwa kwenye Vita vya Majimaji, vile vya kuupinga utawala wa Wajerumani. Mwaka 1905 hadi 1907, Kinjeketile Ngwale mganga wa maji, kodi, kilimo cha pamba cha kulazimishwa: vyote anavyo kichwani. Akafika kwenye sababu za kushindwa, akasoma "imani ya maji", yaani kuamini kwamba dawa ya maji ingezuia risasi, halafu akanigeukia: "Babu, kwani walikuwa wajinga?"

Nilikosa la kumjibu papo hapo. Daftari lake lina silaha duni na lina maji. Halina habari kwamba Wajerumani walichoma mashamba na maghala ya chakula, na kwamba njaa iliyofuata iliua watu wengi kuliko risasi. Halina habari kwamba tarehe 27 Februari 1906 mashujaa 67 walinyongwa papa hapa mjini kwetu, wala kwamba Nduna (kiongozi wa vita wa Wangoni) Songea Mbano, aliyeupa mji huu jina, naye alinyongwa mwaka huohuo. Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alisafiri mpaka Makumbusho ya Majimaji, mtaa wa Mahenge hapa Songea, Novemba 2023, akaomba msamaha. Mjukuu wangu alikuwa hajawahi kukanyaga pale.

Siwarushii walimu mawe. Nimeshika chaki miaka mingi, na nilifundisha hivyohivyo: mtihani ukitaka herufi ya jibu, mtoto unampa herufi. Matokeo yake ni kijana anayekutajia chanzo cha Mto Nile bila kusita, lakini ukimuuliza Ruvuma unaanzia wapi anasema Msumbiji, ilhali milima ya Matogoro anaiona kila siku akienda shule.

Mtaala mpya wa 2023 umeleta Historia ya Tanzania na Maadili, pamoja na Jiografia na Mazingira. Majina yanapendeza. Ila kama mazingira yenyewe yatabaki kuchorwa ubaoni, tutakuwa tumebadilisha majalada tu.

Jumamosi nilimpeleka Mahenge. Mbele ya kaburi la pamoja alinyamaza muda mrefu, si kawaida yake. Nikamsomea majina ya walionyongwa, nilipofika kwa Mputa Gama akanikatiza: "Babu, darasani kwetu wapo akina Gama!" Njiani kurudi aliniuliza mengi: nani alibaki kulima, watoto walikula nini, kwa nini waliwanyonga hadharani. Lile la ujinga hakulirudia.

Kutoka shuleni kwao hadi pale ni mwendo wa miguu tu, mchango wa basi hauhitajiki. Mwalimu wao akikubali, mimi niko tayari kuwasindikiza siku yoyote, hata Jumatatu.

Mwalimu mstaafu,
Songea