Mstari mwekundu wa kipimo cha malaria ni dhahabu

Mhariri,

Makala yenu ya Jumapili kuhusu dhahabu na mwanga vinavyonasa molekuli moja tu ya ugonjwa imeniacha na neno. Mwandishi ameieleza dhahabu hiyo kama kitu cha ughaibuni. Mimi ni mtaalamu wa maabara katika zahanati moja wilayani Muheza, na ninaitumia kila siku ya kazi.

Mstari mwekundu kwenye kipimo cha haraka cha malaria wagonjwa hudhani ni wino, wengine hudhani ni damu yao. Ni chembe za dhahabu zenye upana wa nanomita 40 hivi, zilizovishwa kingamwili, yaani protini zinazoshika kile kinachotafutwa kwenye damu. Mwanga ukizipiga, elektroni zake hutikisika kwa pamoja na kumeza rangi ya kijani, nasi tunaona wekundu. Mwanasayansi Mwingereza Michael Faraday alikwisha kuzichunguza London mwaka 1857.

Kipya ni kuzikaribisha chembe mbili zibakize pengo la nanomita chache. Mwanga hujikusanya penye pengo, na molekuli iliyomo hutoa ishara kali kupita kiasi. Mwaka 1997 makundi mawili ya watafiti nchini Marekani yalitambua molekuli mojamoja kwa chembe za madini ya fedha. Kazi kubwa, sibishi. Ila zilikuwa molekuli za rangi za maabara, zinazoitika vizuri kwa mwanga, si protini iliyozama katika damu ya mtoto mwenye homa. Tena pengo lile halimfuati mtu: molekuli lazima ijilete yenyewe, na katika tone zima la damu huenda mgonjwa akasinzia kwenye benchi kabla haijafika.

Lililonikera zaidi ni hili. Vipimo vyetu vingi husaka protini ya kimelea cha malaria iitwayo HRP2. Eritrea ililazimika kubadili vipimo mwaka 2016 kwa kuwa vimelea vingi huko vilikuwa vimepoteza jeni ya kuitengeneza. Kwa kimelea cha namna hiyo, hata kifaa cha kuona molekuli moja ya HRP2 kitajibu kuwa mgonjwa hana malaria. Hadubini ingekiona kimelea hicho. Kwa hiyo asije mtu akatuondolea hadubini kwa sababu ya makala ya gazetini.

Mwandishi wenu akirudi kwa watafiti aliowaandika, awaulize wanasaka molekuli gani, ndani ya damu au ndani ya maji safi, na jibu hutoka baada ya muda gani. La kipimo chetu cha haraka hutoka baada ya dakika 15 hadi 20.

Mtaalamu wa maabara,
Muheza, Tanga