Tuzisome diski kuukuu kabla ya kuuza kompyuta kwa mizani

Kwa Mhariri,

Tangu Windows 10 ilipokoma kupata masasisho ya kawaida ya usalama mnamo Oktoba 2025, nimeona ofisi, shule na makanisa hapa Nairobi yakibadilisha kompyuta kwa pamoja. Stoo zinapofunguliwa ili kupata nafasi, hutolewa pia mashine za zamani zaidi, za enzi za Windows 98 na XP, ambazo zimekaa miaka mingi nyuma ya viti vilivyovunjika. Wanunuzi wa vyuma kuukuu huja na mizani, hupima, hulipa na kuondoka. Ombi langu kwa wasomaji wako ni kwamba kabla mashine hizo hazijapakiwa kwenye mkokoteni, diski zake zitolewe na zisomwe, kwa maana yaliyomo ndani yake mara nyingi hayapo mahali pengine popote.

Mimi ni fundi wa kompyuta katikati ya jiji, na katika kazi zangu zote, ninayoithamini zaidi ni hii ya kuamsha diski ambazo wenyewe wamekwisha kuzikatia tamaa. Katika mashine za miaka ya 1990 na ya mwanzo wa 2000 ndimo zilimoandikwa rejista za ubatizo, michango ya vyama vya kufaana, kumbukumbu za mikutano ya kampuni za kununua mashamba na orodha za wanachama waliolipa hisa zao. Wengi wa wanachama hao wamefariki, na watoto wao leo wanatafuta uthibitisho. Enzi hizo hapakuwa na desturi ya kuhifadhi nakala kwenye intaneti. Mwenye uangalifu alinakili kwenye flopi, yaani disketi ya kuchomeka na kuchomoa, na mwenye uangalifu zaidi alichapisha kwenye karatasi.

Kinachonisikitisha ni wepesi wetu mafundi wa kutangaza kifo. Mashine ikikataa kuwaka, au ikiwaka na kuandika kwamba haioni mfumo, mteja huambiwa kwamba kompyuta imekufa na kila kitu kimepotea. Chama kimoja cha akina mama wa Eastlands kiliambiwa hivyo na duka moja, kikaniletea mashine ili niitoe vipuri tu. Kilichokuwa kimekwisha ni betri ya mviringo ya CR2032 iliyo kwenye bodi kuu, ambayo huuzwa hata kwenye vibanda vya mafundi wa saa. Betri hiyo ndiyo huiwezesha kompyuta kukumbuka tarehe na mipangilio yake inapozimwa. Ikiisha, mashine nyingine husahau hata ni diski ipi inayopaswa kuanzia. Katika mashine za mwanzo mwa miaka ya 1990, hesabu za silinda, vichwa na sekta za diski, yaani jinsi diski ilivyogawanywa vipande, zilipaswa kuingizwa kwa mkono, na kwa kawaida hesabu hizo zimechapishwa kwenye lebo ya diski yenyewe kwa anayejali kuisoma. Daftari la michango la akina mama hao lilikuwepo lote.

Hata pale ambapo bodi kuu imeharibika kabisa, kwa mfano vile vikopo vidogo vya kapasita vinapovimba na kuvuja, jambo lililozikumba bodi nyingi za mwanzo wa miaka ya 2000, diski huweza kuwa nzima. Inatosha kuihamishia kwenye mashine nyingine, ingawa hapo pana mambo madogo yanayowashinda wengi. Diski za kabla ya SATA, aina ya kiunganishi cha diski iliyoanza kuingia sokoni mwaka 2003, hutumia kebo pana bapa yenye matundu 40, na waya wenye mstari mwekundu lazima uelekee pini ya kwanza. Nyuma ya diski kuna jampa, kipande kidogo cha plastiki chenye chuma ndani, kinachoamua kama diski itakuwa ya kwanza au ya pili kwenye kebo. Diski mbili zikipangwa zote kuwa za kwanza, kompyuta huenda isione hata moja, na mwenye mali akaambiwa tena kwamba hakuna kitu. Adapta za kuunganisha diski hizi kwa USB zinapatikana Luthuli Avenue, lakini diski ya inchi 3.5 huhitaji pia umeme wa volti 12 ambao USB ya kawaida haitoi, kwa hiyo adapta isiyokuja na chaja yake haitafaa kwa diski ya kompyuta ya mezani. Diski za laptopu za zamani zina pini 44 na huridhika na volti 5.

Diski ikishaonekana, ndipo hatari kubwa inapoanza. Windows ikishindwa kuuelewa mpangilio wa diski huuliza kama unataka kuifomati, na nimewaona vijana hodari wakibofya ndiyo kwa mazoea tu. Jibu ni hapana, kila mara. Kufomati kwa haraka huandika upya orodha ya faili na kuacha mengi chini yake, hivyo bado kuna tumaini; lakini tangu Windows Vista, kufomati kwa njia ndefu huandika sifuri juu ya sehemu nzima inayofomatiwa, na kusakinisha mfumo mpya huweza kufunika faili za zamani kabisa. Pia Windows inapojitolea kukagua na kurekebisha diski mbovu, huwa inaandika juu yake, na diski iliyochoka haistahili kuandikwa chochote.

Njia ya haki ni kunakili diski nzima, sekta kwa sekta, hadi kwenye diski mpya yenye nafasi ya kutosha, kisha kufanya kazi zote kwenye nakala. Programu ya ddrescue, inayotumika kwenye Linux, mfumo mbadala wa Windows, na isiyouzwa, imeundwa kwa ajili ya kazi hii: husoma kwanza sehemu nyepesi, huruka zenye matatizo, hurudi kuzijaribu baadaye, na huweka daftari la ilipofika ili umeme ukikatika iendelee kutoka pale. Kwa jiji letu, sifa hiyo ya mwisho si ndogo. Nakala ikipatikana, TestDisk huweza kurudisha sehemu za diski zilizopotea, na PhotoRec hutafuta picha na nyaraka hata pale ambapo majina yake yamefutika. Programu hizi nazo hutolewa bure, kwa hiyo fundi wa Nairobi hana sababu ya kutozijua.

Diski inayogonga kwa sauti ya ta, ta, ta izimwe mara moja. Kichwa cha kusomea huelea juu ya sahani kwa umbali mdogo kuliko chembe ya vumbi, na kikishaharibika, kila dakika ya kuzunguka huongeza mikwaruzo. Isifunguliwe mezani ili kuangalia, na isiwekwe kwenye friza kama wengine wanavyoshauriana, kwa sababu inapotoka huko unyevu hugeuka matone ndani yake. Kazi hiyo huhitaji chumba kisicho na vumbi na gharama yake ni kubwa. Mwenye diski apime mwenyewe kama yaliyomo yanastahili.

Flopi za inchi 3.5, zenye uwezo wa megabaiti 1.44, bado husomeka kwa kisomeo cha USB, lakini zile pana za inchi 5.25 kwa kawaida zinahitaji mashine ya zamani yenye kisomeo chake. Kabla ya kuingiza flopi, sogeza kile kijiti cha pembeni hadi tundu lionekane wazi, ili isiweze kuandikwa. Barua za WordPerfect na hesabu za Lotus 1-2-3, programu za ofisi za enzi hizo, zisiwatishe wenye kuzipata, kwani LibreOffice, programu ya ofisi ya bure, hufungua nyingi kati yake.

Liko suala la siri za watu. Fundi anayenakili diski ya zahanati au ya chama cha akiba anashika majina, namba za vitambulisho na madeni ya watu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haikumsahau. Makubaliano yaandikwe kabla ya kazi, nakala ikabidhiwe mwenyewe, na fundi asibaki na nyingine. Diski ya awali, ikiwa haitahifadhiwa, ifutwe kabisa au itobolewe kwa drili kabla ya kupelekwa kwa warejelezaji.

Ningependa pia kuziomba taasisi za umma zitusaidie. Maktaba ya McMillan iliyo Barabara ya Banda na Makavazi ya Kitaifa ya Moi Avenue ni majumba yanayotunza kumbukumbu zetu za karatasi, na yanafikika kwa miguu kutoka kituo chochote cha matatu katikati ya jiji. Meza moja katika jumba mojawapo, yenye kompyuta ya zamani iliyo hai, kisomeo cha flopi na adapta kadhaa, ingewafaa wazee wengi wasiojua wamwendee nani. Vijana wa vyuo vya kiufundi wangeweza kuihudumia kama sehemu ya mafunzo yao, na mimi niko tayari kujitolea kuwafundisha Jumamosi.

Hadi meza hiyo ipatikane, walinzi wa stoo na makatibu wafanye hili: wafungue kasha kwa bisibisi, wachomoe kebo taratibu, watoe skrubu zinazoshikilia diski, kisha waitie katika bahasha kavu ya karatasi. Juu ya bahasha waandike ilitoka katika kompyuta ya ofisi gani, nani aliitumia na katika miaka ipi. Kasha lililobaki wanaweza kuliuza kwa mizani siku hiyo hiyo.

Fundi wa kompyuta,
Nairobi