Barua ya wazi kwa binamu yangu anayesema mjini hakuna cha kufanya

Mdogo wangu,

Salamu nyingi. Nakuandikia hadharani kwa makusudi. Nikikutumia ujumbe mrefu kwenye simu unausoma nusu, unarudisha kidole gumba, basi. Hapa watu wengine nao wanasoma, na kwa jinsi unavyoogopa kuulizwa maswali, naamini utafika mwisho.

Juzi ulinilalamikia kwamba mji umeshakwisha. Kazini, chumbani, simu, usingizi. Ukasema bila hela mjini ni kifungo tu. Kuhusu hela sikubishii. Zipo raha zinazolipiwa, na mimi na wewe tunazipita nje ya kioo. Lakini nikakaa nikawaza, nikaona kwamba karibu kila kilichonifanya niupende mji kilikuwa cha bure au cha nauli tu, na kwamba vyote vimetokana na jambo moja ambalo tulikokulia halikuwepo: hapa hakuna anayenijua.

Kule, ukisimama njiani dakika tano bila sababu, jua halijazama shangazi ameshaulizwa kama mwanawe ni mzima. Hapa unaweza kusimama saa nzima ukitazama mafundi wakipandisha vyuma kwenye jengo, na hakuna atakayepeleka habari popote. Wewe umelichukua hilo kuwa ni upweke, na siku nyingine ni upweke kweli, sitakudanganya. Ila ni ruhusa pia. Unaruhusiwa kufanya vijimambo visivyo na faida yoyote, na kesho ukaenda kazini kama mtu mwenye akili zake.

Kuna mtaalamu wa saikolojia wa Marekani aliyeitwa Stanley Milgram. Wengi wanamjua kwa yale majaribio yake ya utii, ambapo watu waliamriwa kumpiga mwenzao shoti za umeme, wasijue kwamba shoti zenyewe hazikuwa za kweli. Mimi nampendea mambo yake mengine, ya kitoto zaidi. Mwaka 1969 yeye na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio walilolifanya kwenye barabara yenye watu wengi ya New York. Mtu mmoja anasimama, anatazama juu kwenye dirisha la ghorofa ya sita, ambako hakuna kitu cha kutazama. Halafu wanarudia kwa kuongeza watu, mpaka kundi la watu 15. Alipotazama mmoja, wapita njia 4 katika kila 100 walisimama naye. Walipotazama 15, walisimama 40. Ukihesabu na walioinua macho huku wakiendelea na safari zao, kwa lile kundi kubwa walifika 86 katika kila 100.

Unafikiri niliposoma hivyo nilifanya nini? Nilitafuta marafiki wawili wasio na haya, tukaenda kusimama mbele ya jengo la ofisi saa ya watu kutoka kazini. Tukatazama juu. Wa kwanza kusimama alikuwa kijana mwenye begi mgongoni, akafuata mama mmoja na mwanawe, kisha mzee aliyevaa miwani miwili, mmoja machoni na mwingine kichwani. Mzee akauliza, "Kuna nini?" Rafiki yangu akamjibu kwa heshima zote, "Tunaangalia tu, mzee." Naye akaangalia. Akaangalia sana. Mwisho akatuambia ule ukuta una ufa unaoanzia chini ya dirisha la tatu, na kama fundi hajaitwa, mvua za mwaka huu hazitauacha salama. Tukatazama vizuri: ufa ulikuwepo kweli! Sisi watatu tuliokuja kuzuga watu hatukuwa tumeuona.

Milgram huyo huyo aliwatuma wanafunzi wake ndani ya treni za chini ya ardhi wakawaombe abiria wawapishe viti, bila kutoa sababu. Zaidi ya nusu ya walioombwa waliinuka. Kinachonichekesha ni kwamba wanafunzi waliona kazi hiyo ngumu mno, na mwalimu alipokwenda kujaribu mwenyewe maneno yalimkwama kooni. Mtu aliyebuni majaribio yaliyotikisa dunia anashindwa kuomba kiti! Hilo sikushauri ulijaribu, watu wamechoka na miguu inawauma. Nimekutajia ili uone kwamba aibu yako si ugonjwa wako peke yako.

Anza na dogo zaidi. Zungumza na mtu usiyemjua. Najua umeshakunja uso. Mwaka 2014 watafiti wawili, Nicholas Epley na Juliana Schroeder, walichapisha utafiti uliohusu abiria wa treni na mabasi Chicago. Baadhi waliombwa wazungumze na mgeni wa karibu yao, wengine wakae kimya. Watu walipoulizwa kabla, walitabiri kwamba safari ya mazungumzo itakuwa mbaya zaidi. Waliozungumza wakashuka wakisema safari yao ilikuwa nzuri kuliko ya waliokaa kimya. Mimi siulizi hali ya hewa. Nauliza kitu ambacho mwenzangu anakijua na mimi sikijui. Fundi aliyebeba kifaa chake namuuliza ni cha kazi gani. Mama mwenye mche kwenye mfuko namuuliza unataka jua au kivuli. Mtu akijibu kwa neno moja, nanyamaza. Akiwa na vifaa vya kusikilizia masikioni, simgusi. Na sisi wanawake tunajua upande wa pili wa jambo hili, mtu anapokung'ang'ania na mazungumzo usiyoyataka, kwa hiyo wewe kijana wa kiume, zaidi ya kuanza jifunze kuishia.

Wako pia wale usiozungumza nao kabisa. Kila asubuhi kituoni unawakuta walewale: wa koti la kijani, wa kupiga miayo, wa kukimbilia basi ambalo halijawasha hata injini. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Milgram aliandika kuhusu hao nao. Wanafunzi wake walipiga picha abiria waliokuwa wakingoja treni, kisha wakawagawia abiria haohao picha hizo, na wengi wakamtambua angalau mtu mmoja ambaye hawajawahi hata kumsalimu. Akaona jambo jingine zuri, kwamba watu wa namna hiyo wakikutana mbali na pale walipozoea kuonana, ndipo wanaposalimiana. Ni kweli tupu. Pale kituoni pangu yupo bwana niliyempa jina la Hakimu, kwa sababu ya mkoba wake na jinsi anavyotazama saa. Hatujawahi kupeana hata "shikamoo". Siku moja nikamkuta upande mwingine kabisa wa mji, amebeba godoro na kijana wake. Tulisalimiana kwa furaha, utadhani tulizaliwa nyumba moja! Akauliza habari za huku, nikauliza za godoro. Kesho yake kituoni tukarudia ukimya wetu.

Nikimtaja hakimu nakumbuka raha yangu kubwa, ambayo marafiki zangu wote wananicheka kwayo. Nenda mahakamani. Usubiri kwanza kushtakiwa? Hapana, nenda tu ukakae nyuma usikilize. Katika nchi nyingi kesi husikilizwa mbele ya umma, na Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu la mwaka 1948, ibara ya 10, linataja haki ya kila mtu kusikilizwa kwa uwazi. Uwazi huo ni mimi na wewe tuliokaa kwenye benchi. Kesi za watoto na baadhi ya mambo ya familia hufungiwa mlango, kwa hiyo muulize karani kabla hujaingia. Vaa nguo za heshima, zima simu kabisa, wakisimama simama, na usitoke katikati ya maneno ya shahidi.

Usitarajie mawakili wa kwenye filamu. Sehemu kubwa ya asubuhi ni kuahirisha: shahidi hakufika, faili halijaja, wakili ana kesi nyingine. Lakini ukivumilia, ghafla mtu anasimama kueleza jambo lake, na unasikia Kiswahili ambacho redioni hukisikii. Nilisikiliza majirani wawili waliogombania mpaka wa kiwanja. Shahidi aliulizwa umbali kutoka mlango mpaka ukutani, akasema, "Hatua kumi." Wakili akamuuliza, hatua zako au za nani? Akasema za marehemu baba yake, ndiye aliyepima. Marehemu alikuwa mrefu? Sana, mheshimiwa. Chumba kizima kikabana midomo, na hakimu akawa anaandika huku ameinamisha kichwa zaidi ya ilivyolazimu. Nilitoka pale nikijua kuhusu ardhi mambo ambayo sikuwa nimeyasoma popote. Ila naomba unielewe: yale ni maisha ya watu, na wengine wamekaa pale wakingoja kuambiwa kama watarudi nyumbani jioni. Mtu akienda kucheka, afadhali abaki nyumbani. Mimi huenda kusikiliza, na kicheko kikinijia nakimeza.

Kupanda basi mpaka kituo cha mwisho nilikwambia zamani, sitarudia sana. Chagua njia usiyoijua, nenda mchana, ulizia saa ya basi la mwisho la kurudi kabla hujashuka, na mwambie mtu mmoja uko wapi. Ukifika tembea. Mahali moyo ukikataa, geuza; hakuna cha kuthibitisha mbele ya mtu yeyote.

Kuna jambo nalikataa, nalo ni kuzunguka madukani kutazama vitu ambavyo hutavinunua. Watu wanaita matembezi. Unatoka pale na njaa ya vitu ambavyo asubuhi hukujua kama vipo. Na nyingine ni kurekodi kila kitu. Ukiinua simu, kila aliye mbele yako anaanza kuigiza, nawe mwenyewe unakuwa kazini siku ya mapumziko.

Afadhali utazame njiwa. Ndiyo, njiwa. Wale wa mjini asili yao ni njiwa wa miambani, waliofugwa na binadamu kisha wakarudi kujitegemea, na ndiyo maana wanapenda kingo za madirisha na vilele vya kuta: kwao ghorofa ni jabali. Na anayewala amewafuata. Kozi, yule ndege mwindaji ambaye akijitupa kutoka juu hupita kilomita 300 kwa saa, naye hutaga kwenye majabali, na katika miji mingi amehamia kwenye majengo marefu na madaraja. Kwa hiyo siku ukiona njiwa wote wa paa moja wameruka kwa mpigo mmoja bila sababu, usitazame njiwa. Tazama juu zaidi yao. Mimi bado namvizia wangu, na shingo inaniuma.

Usiku pia upo, hata ukiwa huna pa kwenda. Umesema paa la jengo lenu lina ngazi na mwenye nyumba hakatazi. Taa za mji zimetunyang'anya nyota nyingi, lakini kuna kitu hazikiwezi: Kituo cha Kimataifa cha Anga. Kinazunguka dunia kila baada ya dakika 90 hivi, kwenye kimo cha kilomita 400 kwa makadirio, na tangu Novemba 2000 hakijakosa watu ndani yake. Hakihitaji darubini. Kinaonekana muda mfupi baada ya jua kuzama au kabla halijachomoza, wakati sisi tuko gizani na chenyewe huko juu bado kinapigwa na jua. NASA, shirika la anga la Marekani, hutoa ratiba ya saa kitakapopita juu ya mji wako na upande kitakapotokea. Taa yake haipepesi wala haiwaki na kuzima, inateleza tu angani kwa dakika chache. Ikiwa unaona taa nyekundu na kijani, hiyo ni ndege.

Nilipowaita majirani zangu juu, yalitokea mabishano makali. Mmoja akasema ni ndege, mwingine akasema ni nyota iliyong'oka. Mtoto wa ghorofa ya pili akauliza walioko mle ndani wanaenda chooni wapi, na watu wazima sita tukaanza kujibu kwa pamoja, kila mtu kwa uhakika mkubwa na hakuna aliyekubaliana na mwenzake. Kituo kikapita, kikazama kwenye kivuli cha dunia, sisi bado tuko kwenye choo. Mpaka leo tukionana ngazini hatupiti bila kulizungumza.

Kwa hiyo hivi ndivyo tutakavyofanya. Wewe niandikie njia za mabasi yote yanayopita karibu na kwako na majina ya vituo vyake vya mwisho, nami nitachagua moja kwa kufumba macho. Nauli ya kwenda yangu, ya kurudi yako. Vaa viatu ambavyo havikubani, na usije na simu yenye chaji kidogo, maana ramani itabidi iwe kwako. Yangu kioo kimepasuka na kusini siioni.

Dada yako