Ringi iliyopinda vibaya hulegezwa kabla ya kukazwa

Mhariri,

Baiskeli ikigonga shimo au ikiangukiwa na kitu kizito, ushauri unaotolewa haraka ni mmoja: kaza spoku za upande wa pili, ringi itarudi. Kwa ringi inayoyumba milimita mbili au tatu, ushauri huo unatosha. Kwa ringi iliyokunjika mpaka inakwama kwenye uma, huo huo ndio unaoimaliza. Naomba nafasi nieleze sababu, maana kazi hii hufanyika nyumbani kwa kispana cha spoku, chaki, vipande viwili vya mbao na subira.

Gurudumu la spoku husimama kwa sababu spoku zote zinaivuta ringi kuelekea kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu, kulia na kushoto, kwa nguvu zinazolingana. Pigo la ubavuni likivunja ulinganifu huo, mvuto ule ule uliokuwa ukiishikilia ringi unageuka kuikunja zaidi. Ukikaza juu ya hali hiyo, unabana chuma ambacho tayari kimepinda. Macho yataona imenyooka, lakini spoku tatu zitakuwa zimekazwa kupita kiasi na jirani zake zimelegea kabisa. Gurudumu la namna hiyo hurudi kupinda baada ya siku chache, au spoku iliyobeba mzigo wa wenzake hukatika kwenye kona ya habu.

Kwa hiyo anza kwa kulegeza. Toa tairi, tyubu na utepe wa ndani ya ringi, kisha tia tone la mafuta kwenye kila nati ya spoku na uache yapenye kwa saa moja hivi. Nati iliyoshika kutu ikilazimishwa hupoteza pembe zake, na hapo kazi inakuwa mara mbili. Kispana nacho kiwe cha saizi yake hasa. Zipo nati za milimita 3.23, 3.30, 3.45 na zaidi, na tofauti hiyo ndogo inatosha kuziharibu. Anzia kwenye tundu la valvu, legeza kila nati mzunguko mmoja, zunguka gurudumu zima, rudia mpaka spoku zote zicheze mkononi. Mwelekeo huwachanganya wengi: ukiitazama nati kutoka upande wa tairi, kufuata mshale wa saa ni kukaza. Ukiitazama kutoka upande wa habu, mambo yanageuka.

Sasa ringi itakuonyesha hali yake halisi. Ikiwa ulemavu mwingi umepotea spoku zilipolegea, una bahati, chuma chenyewe hakikupinda sana. Ikiwa umebaki, ilaze juu ya sakafu tambarare na uweke alama za chaki. Ringi iliyokunjika kama tandiko la farasi hugusa chini sehemu mbili zinazotazamana na kuinuka sehemu nyingine mbili. Weka mbao chini ya zile zinazogusa, uhakikishe ncha ya ekseli haifiki sakafuni, kisha sukuma kwa viganja zile zilizoinuka, zote mbili kwa pamoja. Chuma hurudi nyuma kidogo kila unapokiachia, ndiyo maana lazima kipitishwe usawa kidogo ndipo kitulie pale unapopataka. Ongeza nguvu polepole na upime kila baada ya msukumo. Kinundu kimoja cha pembeni hukandamizwa dhidi ya goti, mikono ikivuta ringi kwa kila upande wa kinundu, kama sentimita 30 kutoka hapo.

Usikimbilie spoku kabla ringi iliyolegea haijalala sakafuni ikiacha mwanya usiozidi milimita 2 au 3. Hapa ndipo wengi hukosa uvumilivu, na hapa ndipo kazi nzima inapoamuliwa. Kila milimita utakayonyoosha kwa mkono ni mzigo ambao spoku hazitalazimika kuubeba. Kuipigiza ringi chini ili irudi ghafla ni njia ya kufika nyumbani tu. Baadaye ilegezwe na ifanyiwe kazi kwa utaratibu.

Kurudisha mvuto, kaza nati zote mpaka uzi wa spoku ufichike, ili zianze sawa. Halafu mzunguko mmoja kila moja, kisha nusu, kisha robo. Geuza baiskeli juu chini, tumia raba za breki kama kipimo, au funga kijiti kwenye uma kikikaribia ukingo wa ringi. Ringi ikienda kushoto, kaza spoku za kulia za sehemu hiyo robo mzunguko na ulegeze za kushoto robo. Ikiwa imetokeza nje, kaza jozi ya kulia na kushoto. Ikiwa imebonyea kuelekea habu, legeza jozi hiyo. Badilishana kati ya mviringo na ubavu, usimalize kimoja ndipo uanze kingine, maana kila kimoja huvuruga mwenzake.

Gurudumu la nyuma lenye gia nyingi lina tabia yake. Spoku za upande wa mnyororo husimama wima zaidi na hukazwa kuliko za kushoto, hivyo kugeuza nati ya kushoto kidogo tu huivuta ringi ubavuni zaidi kuliko kugeuza ya kulia kiasi hicho hicho. Usijaribu kuzilinganisha pande mbili hizo. Linganisha spoku za upande mmoja zenyewe kwa zenyewe: zigonge kwa ukucha usikilize. Yenye mlio mwembamba imekazwa mno, yenye mlio mzito imelegea.

Spoku hujisokota nati inapozungushwa, kisha hujifungua barabarani na ringi ikayumba upya. Dawa yake ni kupitisha nati kidogo kisha kuirudisha, na mwishoni kubana kwa nguvu spoku mbili mbili za upande mmoja kwa viganja, gurudumu zima. Utasikia milio midogo. Kagua tena na urekebishe. Kwa breki zinazobana ringi lenga kuyumba kusikozidi milimita 1. Kwa breki za diski hata milimita 2 hazina madhara. Ncha ya spoku ikichomoza juu ya nati isuguliwe kwa tupa kabla ya kurudisha utepe, la sivyo itatoboa tyubu.

Zipo ringi zisizostahili kazi hii yote. Ikiwa kuna ufa kwenye tundu la spoku, kiungo kimefunguka, ukuta umefanya mkunjo mkali, au sehemu inayoguswa na breki imelika mpaka imebonyea, nunua nyingine. Ringi ya chuma cha pua au chuma cha kawaida huvumilia kunyooshwa. Ya alumini huchoka haraka, na ikishanyooshwa sana mara moja haifai kurudiwa. Ya kaboni hainyooshwi kabisa. Dalili nyingine ni hii: ringi ikinyooka lakini mahali pale pale spoku zikabaki legevu upande mmoja na ngumu kama waya wa gitaa upande wa pili, chuma bado kimepinda. Kwenye gurudumu la nyuma mtu anaweza kuendelea nalo kwa muda akiliangalia. La mbele lisipandwe hata kidogo, kwani likikunjika safarini mpandaji hutangulia kichwa.

Baada ya kilomita 30 au 50 za kwanza, rudia kusikiliza spoku na ukaze robo pale palipolegea.

Wako,
Fundi baiskeli